Jina la Huguette kwenye Ukurasa wa Mwisho

Marceline Kangwa aliujua ule mchezo tangu akiwa na miaka kumi na minane. Mjomba wake Chanda, aliyekuwa fundi wa pampu kwenye migodi ya Mufulira, ng'ambo ya mpaka upande wa Zambia, alirudi nao likizo moja ukiwa ndani ya sanduku la karatasi ngumu lililofungwa kamba. Alikuwa ameachiwa na mhandisi Mwingereza aliyekuwa anarudi kwao. Ndani mlikuwa na ramani ya Uingereza ya zamani, kadi nyingi, na vipande vidogo vyenye picha za ngao.

Mjomba alimfundisha kwa siku mbili. Koo mbili za kifalme zilikuwa zinapigana ndani ya nchi moja, ndugu kwa ndugu, lakini hakuna mchezaji aliyekuwa mfalme. Kila mchezaji alikuwa na mabwana wake wenye ngome, merikebu na askari, na kazi yake ilikuwa kumkamata mtoto wa ukoo wa kifalme, kumtawaza, kisha kuhakikisha wale walioshikwa na wenzake wamekufa wote. Aliyebaki na mfalme wa mwisho ndiye aliyeshinda. Marceline aliupenda kwa sababu ulitaka akili ya kupanga na moyo wa kungoja, na yeye alikuwa navyo vyote viwili.

Baadaye aliajiriwa kuchora ramani kwenye kampuni ya madini, akaolewa na Antoine, fundi wa reli. Antoine alikuwa Muluba, na ndiye aliyeuita mchezo ule Mulopwe, yaani mfalme kwa Kiluba. Jina likashika. Hata wale ambao hawakuwahi kucheza, katika mtaa wao wa Lubumbashi uitwao Kenya, walijua kwamba Jumamosi mchana kwa Antoine watu wanacheza Mulopwe na haifai kwenda kuwasumbua.

Ramani ya mjomba ilipoanza kuchanika kwenye mikunjo, Marceline aliichora upya. Ilimchukua miezi minne ya saa zake za kula mchana, kazini, kwa kalamu ya wino na karatasi ya kunakilia ya kalki, kila mto na kila mji. Antoine aliibandika kwenye ubao mwembamba wa triplex. Chini ya kila neno la Kiingereza kwenye kadi, Marceline aliandika Kiswahili kwa herufi ndogo zilizonyooka kama zimepigwa mashine.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Antoine hakulipenda. Mchezo huo ulikuwa na kadi ya tauni, na tauni ikipiga mji, mabwana wote waliokuwa ndani ya mji huo walikufa palepale. Mtu aliweza kumaliza ukoo wake saa nane na nusu, halafu akakaa mpaka saa kumi na mbili akitazama wenzake. Antoine, kila alipokufa mapema, aliondoka kwenda kulala. Marceline hakutaka aondoke. Ndipo akatunga kanuni ya Askofu: mchezaji wa kwanza kumaliza watu wake anapewa Askofu, na Askofu huyo hawezi kushinda, lakini bunge la mabwana likiitwa na kura zikilingana, yeye ndiye anayesema nani atawazwe. Walijaribu kanuni hiyo kwa mwaka mzima, wakaibadilisha mara tatu, wakibishana mpaka kitandani. Baada ya hapo Antoine hakulala tena Jumamosi mchana. Ilitokea hata akafurahia kufa mapema, kwa sababu wote walimbembeleza.

Kampuni ilipopunguza watu, Marceline alifungua karakana ndogo barabarani, ya kupima viwanja na kuchora kroki, yaani michoro ya viwanja, kwa watu wanaotafuta hati. Mwaka 2011 Antoine alikufa kwa ugonjwa wa figo. Watoto wao wawili walikuwa Kinshasa. Marceline aliutundika ule ubao wa triplex ukutani karakanani, na kwa miaka minne hakuna aliyecheza.

Huguette ndiye aliyeushusha. Huguette Tshilanda alikuwa binti wa familia ya Wakasai waliofika Lubumbashi kutoka Kasai tangu enzi za babu yao, akifanya kazi ya kutengeneza karatasi za forodha kwenye wakala mmoja wa mjini. Alikuwa na miaka ishirini na saba alipokuja kutafuta kroki ya kiwanja chake kule Naviundu, pembeni mwa jiji. Alipokuwa anangoja, aliuliza ile ramani ukutani ni ya nini. Marceline alimweleza kidogo, Huguette akauliza zaidi, na kroki ilimalizika wakiwa bado wanaongea. Jumamosi iliyofuata alikuja. Marceline alimwita pia Rigobert, muuza vipuri vya magari aliyekuwa rafiki wa Antoine, na mwalimu Élie wa shule ya msingi ya jirani. Meza ikafufuka.

Huguette alishika haraka. Baada ya miezi michache alianza kushinda, na Marceline alimsifu mbele za watu, akasema yule mtoto ana kichwa. Alimpikia chikanda, ule mkate wa mizizi na karanga, akamwonyesha jinsi ya kusoma ramani, akamweleza habari za Antoine na Askofu wake. Walizoeana kiasi kwamba Huguette akiumwa, Marceline ndiye aliyempelekea dawa. Kama palikuwa na kitu kilichomchoma Marceline kidogo, ni kimoja tu: Huguette alijua Kiingereza vizuri, kwa sababu ya kuongea kila siku na madereva wa malori kutoka Zambia, na mara nyingine alisema kwamba neno fulani kwenye kadi halikutafsiriwa sawasawa. Marceline alijibu kwamba hivyo ndivyo mjomba alivyolisoma, na kadi ikabaki kama ilivyo.

Miaka ilipita hivyo. Kisha Huguette akagundua kwenye simu yake kwamba kuna watu huko Uingereza wanaotengeneza toleo jipya la mchezo ule, na kwamba wanawaomba wachezaji wa zamani popote walipo waandike wanavyocheza. Aliwaandikia. Walimjibu. Wakati fulani aliwatumia picha ya ubao wa Marceline na maelezo ya kanuni ya Askofu, na siku ile alisema mezani kwamba wameipenda sana. Rigobert alicheka akasema Lubumbashi itajulikana. Marceline alimimina munkoyo, kinywaji cha mahindi, kwenye gilasi za watu, akauliza zamu ni ya nani.

Sanduku jipya lilifika Oktoba, wakati wa joto kali kabla ya mvua. Lilitumwa Ndola, Zambia, na dereva mmoja anayemjua Huguette akalivusha mpaka. Huguette hakulifungua. Alilileta kwa Marceline Jumamosi likiwa bado na plastiki yake, akaliweka juu ya meza, akamwomba yeye alifungue.

Lilikuwa sanduku zuri, hakuna wa kukataa. Ramani ilikuwa imechapwa kwa rangi zilizotulia, bahari ya kijani kibichi, misitu yenye miti midogo. Kadi zilikuwa nzito. Vipande vya ngao vilikuwa vya mbao. Mwalimu Élie alikuwa akivigusa kimoja kimoja kama mtu anayechagua nyanya. Marceline alipitisha kidole gumba juu ya ramani mpya na kusema mto mmoja upande wa kaskazini umepindishwa vibaya. Akasema pia kwamba karatasi ya namna ile itachubuka.

“Mama Marceline, angalia mu kitabu,” Huguette alisema. “Ukurasa ya mwisho.”

Kwenye ukurasa wa mwisho wa kitabu cha kanuni kulikuwa na kanuni za ziada, ambazo wachezaji wangeweza kuzitumia wakipenda. Ya tatu ilikuwa ya Askofu. Chini yake, kwa herufi ndogo za mlalo, waliandika kwamba wanamshukuru Huguette Tshilanda wa Lubumbashi.

Élie alisoma kwa sauti. Rigobert alipiga makofi, akamshika Huguette bega. Marceline aliusoma mstari ule mara tatu. Hakujua Kiingereza kingi, lakini jina la mtu halihitaji tafsiri. Alimpongeza Huguette kwa sauti ya kawaida, akasema ni jambo kubwa, akaingia ndani kuchukua sahani. Jikoni alisimama muda mrefu mbele ya sombe, majani ya muhogo, aliyokuwa ameipika, hakumbuki amekuja kufanya nini.

Siku ile walicheza kwa sanduku jipya. Marceline alicheza vibaya, akawa wa pili kutolewa.

Wiki iliyofuata ilikuwa mbaya. Alikuwa amepiga picha ukurasa ule kwa simu yake, na alijikuta anaufungua karakanani, anaukuza mpaka jina lijae kioo chote, kisha anaufunga. Alijiambia ni jina tu. Halafu alikumbuka Antoine amekaa kwenye kiti cha mbao, akibisha kwamba Askofu apewe kura moja na si mbili. Mtu gani anaamka asubuhi anajikuta mwenye kanuni ambayo wengine waliibishania mwaka mzima? Na jinsi Élie alivyokuwa anaanza kusema! Alikutana naye barabarani Jumatano, Élie akamwuliza kama Jumamosi watacheza mchezo wa Huguette. Hivyo hivyo, mchezo wa Huguette, bila kufikiri.

Alhamisi redio moja ndogo ya mjini ilimwita Huguette azungumze. Mtangazaji aliona habari hiyo kwenye simu ya mtu. Marceline aliisikiliza redio akichora kroki ya mteja. Huguette aliongea vizuri, kwa sauti yake ya kutulia, akaeleza mchezo ni nini na sanduku lilifikaje. Mtangazaji alimuuliza alijifunzia wapi.

“Kuko mama mumoja ku Kenya alinifundisha,” Huguette alijibu, na mtangazaji akahamia swali jingine.

Mama mmoja wa Kenya. Marceline aliizima redio. Kroki aliyomaliza siku ile ilikuwa na mshale wa kaskazini unaotazama kusini, na mteja ndiye aliyeliona kosa. Katika miaka zaidi ya thelathini ya kuchora halikuwahi kumtokea.

Jioni ile alikwenda mazoezi ya kwaya. Victorine, jirani yake anayeimba naye sauti ya pili, alimsifia Huguette kwa yale ya redioni. Marceline akasema, polepole, kama mtu anayetaja bei ya chumvi, kwamba kanuni ile si ya Huguette. Akasema ni ya kwake na ya marehemu, kwamba Huguette aliichukua mezani pake akaituma kwa Wazungu, na sasa anajitangaza. Victorine aliuliza kama aliichukua bila kumwambia. Marceline alijibu kwamba yeye jina lake hakuliona popote. Hilo lilikuwa kweli, na alijua linavyosikika.

Jumamosi ile aliwaambia wenzake kwamba wachezee ubao wa zamani, yeye macho yake hayataki zile rangi. Rigobert alikuja peke yake. Élie na Huguette walikuwa wametuma ujumbe kwamba watachezea kwa Huguette, Naviundu, kwa sababu kuna wafanyakazi wenzake wawili wanataka kujifunza. Rigobert alikaa saa moja, wakaongea habari za vipuri na za mvua inayochelewa. Watu wawili hawawezi kucheza Mulopwe. Marceline alimwona akiitazama saa yake mara mbili, akamwambia aende tu.

Alibaki na ubao mbele yake. Alikuwa na hasira na Rigobert, na hasira na wale wafanyakazi wawili asiowajua, ambao sasa walikuwa wanaelezwa tauni na bunge na mtu mwingine. Alifikiria jinsi Huguette anavyoeleza: ataanza na mabwana, kisha miji, kisha watoto wa kifalme, kwa mpangilio uleule aliofundishwa hapa, kwa maneno yaleyale. Hata mfano wa Marceline wa kuku na mwewe atautumia.

Jumamosi ya tatu alivaa kikwembe chake kizuri akaenda Naviundu.

Huguette alimpokea mlangoni, akamwita Mama Marceline kama siku zote, akampa kiti kilichokuwa na mto. Lakini hakumtazama usoni vizuri, na Marceline aliona. Wageni hawakuwepo siku hiyo, walikuwa wanne wa zamani tu. Nje mvua ya kwanza ilikuwa imelowesha vumbi, na dirisha lilikuwa wazi.

Walianza saa nane. Marceline alicheza kwa uangalifu kuliko alivyowahi. Aliweka mabwana wake watatu pamoja ndani ya mji wenye ukuta, wakimlinda mtoto mmoja wa kifalme, akapanga kungoja. Saa tisa na robo Élie alifunua kadi. Ilikuwa tauni, na mji ulikuwa uleule. Marceline alitoa vipande vyake vyote kwenye ramani, akabakiwa na bwana mmoja asiye na askari, na baada ya muda mfupi Rigobert alimkamata huyo baharini.

“Basi Askofu iko ya Mama,” Élie alisema. Na kwa kuwa alikuwa mwalimu, na kitabu kilikuwa karibu, alikifungua ukurasa wa mwisho akaanza kusoma kanuni, Askofu anaweza nini na hawezi nini.

“Hauna haja ya kunisomea,” Marceline alisema.

Élie alifunga kitabu.

Kufikia karibu saa kumi na moja mambo yalikuwa wazi. Élie naye alikuwa ametoka mchezoni. Huguette alikuwa na mtoto mkubwa wa ukoo mmoja, ngome nne, na jeshi ambalo hakuna wa kulisogelea. Rigobert alikuwa na mtoto mdogo wa ukoo wa pili, na merikebu moja. Lakini vyeo vya bunge vilikuwa vimegawanyika, na bunge lilipoitwa kura zililingana. Ilibaki ya Askofu. Yeyote aliyewahi kucheza angempa Huguette. Ndivyo Askofu alivyotungwa, amalize vita pale panapoeleweka, watu waende nyumbani.

Marceline aliichukua kadi ya Askofu akaiweka mbele ya Rigobert.

Rigobert aliitazama. Alimuuliza kwa upole kama ameona vizuri, kama hajachanganya rangi. Marceline alijibu kwamba ameona. Kwa kura ile mtoto wa Rigobert alitawazwa, na kufuatana na kanuni, wawili kati ya mabwana wa Huguette walihamia upande wa mfalme mpya na ngome zao. Kwa zamu tatu Huguette alipigana. Kisha mtoto wake alikamatwa akakatwa kichwa, na ikaisha. Rigobert alikuwa ameshinda na hakujua auweke wapi uso wake. Aliaga mapema, akimchukua Élie.

Huguette alikuwa anarudisha vipande vya mbao kwenye mifuko yake, kila ukoo na mfuko wake. Marceline alijua ingefaa naye aondoke, lakini alibaki kitini.

“Mama,” Huguette alisema bila kuacha kazi yake, “ku kwaya banasema nilikuibia. Njo weye ulibaambia vile?”

“Nilibaambia kile niliona mu kitabu.”

“Na ulibaambia vile nilikuuliza?”

Huguette alichukua simu yake, akatafuta kwa muda, akaja kukaa kwenye kiti cha karibu. Alimwonyesha barua aliyowaandikia wale watu mwaka mmoja na nusu kabla. Marceline alizisoma herufi za Kiingereza bila kuzielewa zote, mpaka katikati alipoona jina la Antoine. Antoine, limeandikwa sawasawa. Huguette alimtafsiria taratibu. Aliwaambia kwamba kanuni ile ilitungwa na mama mmoja na mume wake Antoine, ambaye sasa ni marehemu, na kwamba yule mama hataki jina lake liandikwe.

Hapo ndipo Marceline alipokumbuka, au aliacha kujifanya hakumbuki. Ilikuwa Jumamosi, kabla ile barua haijatumwa, Rigobert akiwepo, yeye ameshika birika la munkoyo. Huguette alimwuliza kama aandike jina lake. Na yeye alikuwa amekasirika, kwa sababu kwenye meza yake, kwa mchezo wake, mtoto aliyemfundisha alikuwa anaandikiana na watu kwa lugha ambayo yeye hakuweza kuiandika. Alimjibu aweke la kwake, yeye hana kazi na barua za Wazungu.

“Nilikatala,” alisema.

“Ulikatala.” Huguette aliiweka simu juu ya meza. “Na mi niseme ya kwangu. Ilifaa nikuulize mara ya pili. Nilijua ulisema juu ya kasirani. Sikuuliza, sababu nilipenda jina yangu ibakie peke yake. Ku redio pia. Ningeweza kusema ‘Mama Marceline Kangwa.’ Ulimi ilifika pale, nikaacha.”

Marceline alimtazama. Alikuwa amekuja na maneno mengi, ameyapanga tangu wiki ya kwanza, na sasa hakuna hata moja lililofaa. Kusikia kwamba alikuwa na haki kidogo hakukumpoza kama alivyodhani. Kuliuma namna nyingine.

“Miye niko na jaluzi, wivu tupu,” alisema mwishowe. “Tangu ile siku ya sanduku silale muzuri. Leo nilikupiga na Askofu ya bwana yangu. Antoine angenifukuza ku meza.”

Huguette hakusema kwamba si kitu. Alisema tu kwamba ile kura ilimkasirisha kuliko maneno ya kwaya, kwa sababu mchezo alikuwa ameushinda. Kisha alimsindikiza mpaka barabarani, akamtafutia pikipiki, akamwambia dereva aende polepole kwa sababu ya matope.

Mazoezi ya kwaya yaliyofuata, kabla hawajaanza, Marceline alisimama akasema alimsema vibaya Huguette Tshilanda, kwamba Huguette alimwomba ruhusa ya kuandika jina lake na yeye ndiye aliyekataa. Alisema hayo kwa sentensi mbili, akaomba waendelee na wimbo. Victorine alimwuliza baadaye kwa nini basi alisema vile mwanzo. Marceline alijibu kwamba ni wivu. Hata hivyo maneno yakishatembea hayarudi yote, na mpaka leo kuna wanakwaya wanaoamini kwamba yule binti Mkasai alimwibia mama wa watu. Marceline akiwasikia huwasahihisha. Hawamwamini, wanadhani anamsitiri.

Huguette aliwaandikia tena wale wa toleo jipya, safari hii Marceline akiwa amekaa pembeni na kumtajia herufi za jina lake moja moja, na la Antoine. Walijibu kwa adabu kwamba kitabu kikichapwa tena wataongeza majina yote mawili. Bado hakijachapwa tena. Marceline huuliza kila baada ya miezi michache, kwa sauti ya mtu asiyejali.

Waliendelea kucheza, Jumamosi moja Kenya kwenye ubao wa triplex, Jumamosi nyingine Naviundu kwenye ramani mpya. Marceline hakuacha kusema kwamba mto wa kaskazini umepinda. Lakini alikubali kwamba vipande vya mbao vinashikika vizuri, na siku moja alimwomba Huguette amwonyeshe yale maneno ya kadi ambayo mjomba aliyasoma vibaya. Yalikuwa kumi na moja. Aliyasahihisha yote kwa wino, siku hiyohiyo.

Wivu wenyewe haukuondoka siku ile wala mwezi ule. Kulikuwa na Jumamosi alizoamka nao, na Jumamosi alizosahau kwamba aliwahi kuwa nao.

Mwezi wa Februari wakala wa forodha ulimhamishia Huguette Kolwezi. Alikwenda na sanduku. Marceline alimsaidia kufunga vitu, akampa chikanda ya njiani, na walipoagana wote wawili walikuwa wanaongea habari za blanketi na masufuria ili wasiongee habari nyingine. Mezani walibaki watatu, na Élie akamleta mke wake ili wawe wanne. Mke wa Élie anacheza kwa haraka na anacheka akipoteza.

Huguette hupiga simu Jumapili baada ya misa. Amepata watu wanne huko, wanacheza kila Jumamosi. Majuzi alimsimulia Marceline habari za muuguzi mmoja kijana, anaitwa Chancelvie, ambaye ameshinda mara tatu mfululizo na hata hajamaliza mwezi wa pili tangu ajifunze. Alimsifu sana. Alisema hajawahi kuona mtu anayengoja vizuri namna ile.

Marceline alimwuliza huyo Chancelvie ni mtu wa namna gani, ana miaka mingapi, kwao ni wapi, na ni nani hasa aliyemfundisha kungoja. Huguette alicheka akasema ni yeye mwenyewe aliyemfundisha. Marceline alisema vizuri, akamwambia awasalimie watu wa huko, akakata.

Jumamosi, walipokuwa wanapanga kadi, alimwambia Rigobert kwamba huko Kolwezi kuna msichana anayeshinda kwa bahati tu, hilo linaonekana wazi. Rigobert alimuuliza anajuaje na hajamwona. Marceline alimuuliza yeye kama anajua mabasi ya Kolwezi yanaondoka saa ngapi, na kama Pasaka yanajaa.